Haki za raia hulindwa kwenye dirisha la ofisi

Tarehe 19 Mei, 1955, wanawake sita walikutana kunywa chai mjini Johannesburg. Walikuwa akina mama wa Kizungu wenye maisha ya starehe, wa tabaka lile lile lililonufaika na ubaguzi wa rangi. Lakini siku hiyo mazungumzo yao hayakuhusu watoto wala bustani. Yalihusu hila iliyokuwa ikiandaliwa na serikali ya makaburu, yaani kuongeza wajumbe wa Seneti kutoka 48 hadi 89, ili ipatikane theluthi mbili ya kura iliyohitajika kuwafuta machotara wa Jimbo la Cape katika orodha ya pamoja ya wapiga kura.

Katika kikao hicho ndipo kilipozaliwa kikundi cha kujitolea kilichokuja kujulikana kwa jina la Black Sash, yaani Utepe Mweusi. Wanachama wake walisimama barabarani kimya, kila mmoja amepitisha begani utepe mweusi wa msiba, kuonyesha kwamba Katiba imeuawa. Mawaziri walipokwenda huku na huko waliwakuta wamepanga mstari, hawasemi neno. Serikali ilikasirika, lakini haikurudi nyuma. Sheria ya Seneti ilipita mwaka ule ule, na mwaka 1956 machotara wakaondolewa katika orodha.

Vikundi vingi vingeishia hapo. Black Sash haikuishia hapo, na jinsi ilivyoendelea ni somo linalomhusu kila mtumishi wa serikali na kila mwalimu katika Afrika iliyo huru.

KUTOKA BARABARANI HADI MEZANI

Katika miaka hiyo serikali ya makaburu ilikuwa imeanza kuwalazimisha wanawake wa Kiafrika wabebe pasi, kama walivyokwisha kulazimishwa wanaume. Tarehe 9 Agosti, 1956, wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali mjini Pretoria kupinga amri hiyo. Waliobeba kipande katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni wasingehitaji kuelezwa uzito wa karatasi ya namna hiyo, ingawa pasi ya makaburu ilikuwa na makali zaidi. Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72 bila kibali, isipokuwa awe amezaliwa hapo na kuishi hapo siku zote, au awe amemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 10 mfululizo, au awe ameishi hapo kihalali kwa miaka 15. Aliyekutwa hana mhuri unaotakiwa alikamatwa, akatozwa faini au akafungwa, kisha akafukuzwa mjini.

Mwaka 1958 akina mama wa Utepe Mweusi walifungua ofisi ya ushauri mjini Cape Town. Kazi ilianza kwa jambo dogo la kuwawekea dhamana wanawake waliokamatwa kwa ajili ya pasi na kuacha watoto wadogo nyumbani. Punde ikadhihirika kwamba dhamana ni tiba ya siku moja, kwani mwanamke aliyetoka rumande leo angekamatwa tena kesho ikiwa hakuna aliyelishughulikia shauri lake. Basi ofisi ikawa mahali pa kuuliza, na nyingine zikafunguliwa katika miji mingine.

Vifaa vya ofisi hizo havikuwa vya ajabu: meza, viti, majalada, na mtu aliyeisoma sheria kwa makini. Mwananchi aliingia, akaeleza shida yake. Mtu wa kujitolea akaandika tarehe za kuajiriwa, majina ya waajiri, ofisi iliyomkataa na jibu alilopewa. Kisha akaandika barua, au akampigia simu mkuu wa ofisi, au akalipeleka shauri kwa wakili. Viliandikwa pia vijitabu vya lugha nyepesi, ili mwenye haki aijue kabla hajafika dirishani.

Jambo moja lilijitokeza katika majalada hayo. Sheria ya pasi ilikuwa ya kidhalimu, lakini hata haki chache zilizosalia ndani yake zilikuwa zikinyimwa na makarani. Mtu alitimiza masharti yote, akaambiwa "haiwezekani" bila kutajiwa kifungu, akarudi nyumbani akidhani amehukumiwa na sheria, kumbe amehukumiwa na karani.

Shauri la Mehlolo Tom Rikhoto lilithibitisha hayo. Mfanyakazi huyo alikuwa amemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 10, lakini ofisi iliyohusika ilidai kwamba mkataba wake, uliofanywa upya kila mwaka, ulivunja mfululizo wa kazi. Mawakili wa kutetea haki walilifikisha shauri hilo hadi mahakama ya rufani, na mwaka 1983 mahakama iliamua kwamba mfanyakazi huyo ana haki ya kukaa mjini. Hukumu hiyo iliwahusu wafanyakazi wengine wengi waliokuwa katika hali kama yake. Hata hivyo hukumu haitembei yenyewe hadi dirishani. Ilihitaji watu wa kumwambia kila mfanyakazi kwamba mlango umefunguliwa, na wa kumsaidia kukusanya karatasi zake. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986.

LAWAMA NA JIBU LAKE

Wapo waliowalaumu akina mama hao, na lawama yao haikukosa msingi. Mwanzoni kikundi kilikuwa cha Wazungu watupu. Baada ya kusimama barabarani, mwanachama alirejea katika nyumba nzuri, na aliyemtetea alirejea Soweto au Langa. Tena iliulizwa: je, kumsaidia Mwafrika apate mhuri si kukubali kwamba mhuri huo ni halali?

Ni kweli kwamba ubaguzi wa rangi haukuangushwa na ofisi za ushauri. Uliangushwa na Waafrika wenyewe, kwa migomo, kwa maandamano, kwa vifungo na kwa silaha, wakisaidiwa na mataifa yaliyo huru, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Waliopata hifadhi na masomo Mazimbu, Morogoro, hawakukombolewa na barua za wasamaria. Lakini mama aliyetenganishwa na mumewe leo hawezi kuambiwa asubiri siku ya ukombozi ndipo shauri lake lisikilizwe. Isitoshe, kila jalada lilikuwa ushahidi. Serikali ilipodai kwamba pasi ni utaratibu tu wa kupanga miji, majalada yalionyesha ndoa zilizovunjwa na watoto walioachwa. Nelson Mandela alipotoka gerezani tarehe 11 Februari, 1990, katika hotuba yake ya jioni ile mjini Cape Town alikitaja kikundi hicho na kukisifu kwa kuwa dhamiri ya Wazungu wa Afrika Kusini. Haikuwa sifa ya bure. Mikutano ya nje ilipopigwa marufuku baada ya mwaka 1976, wanachama walisimama mmoja mmoja, mbali mbali, ili pasiwe na mkutano, na wakaendelea kushika mabango yao.

HATA BAADA YA UHURU

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, ingaliwezekana kusema kazi imekwisha. Serikali sasa ilikuwa ya wananchi, na Katiba mpya ilijaa haki. Black Sash yenyewe ilibadilika mwaka 1995, ikaacha kuwa kikundi cha wanachama na kuwa shirika lenye watumishi wa kuajiriwa. Lakini mwaka 2017 ilijikuta mahakamani tena, safari hii dhidi ya wizara ya serikali iliyochaguliwa na wananchi. Malipo ya ruzuku kwa wazee, walemavu na watoto, yapatayo milioni 17 kila mwezi, yalikuwa hatarini, kwa sababu mkataba wa kampuni iliyoyalipa ulikuwa unakwisha na wizara haikuwa imeandaa njia nyingine. Mahakama ya Katiba iliamuru malipo yaendelee, na mwaka 2018 ikamwamuru waziri aliyehusika alipe sehemu ya gharama za kesi kutoka mfukoni mwake.

Hapo ndipo penye fundisho kwa watumishi wa umma. Serikali iliyo halali haina sababu ya kumwogopa mtu anayeuliza swali, na inazo sababu nyingi za kumshukuru. Ajuza aliyekosa ruzuku yake hakudhulumiwa na kaburu. Alikuwa karibu kudhulumiwa na uzembe, na uzembe hauna rangi wala chama.

Tanzania iliingiza haki za binadamu katika Katiba mwaka 1984, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wao hujitolea. Hao ndio wanaokaa na mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, na ndio wanaomsindikiza kijana asiyeelewa kwa nini yuko rumande. Mara nyingine hupokewa ofisini kwa nyuso zilizokunjwa, huulizwa wametumwa na nani, na huambiwa warudi kesho. Tabia hiyo haistahili kuvumiliwa. Mtumishi anayejua kazi yake humpokea msaidizi wa kisheria kama mwenzake, kwa sababu mwananchi aliyekuja na karatasi zilizopangwa na swali lililonyooka humpunguzia kazi. Akikataa ombi, hukataa kwa maandishi, akataja kifungu na tarehe, akatia sahihi. Asiyeweza kutia sahihi chini ya "haiwezekani" yake hana budi kujiuliza kama kweli haiwezekani.

Mwalimu naye ana wajibu wake. Vijijini, barua nyingi za wananchi kwenda serikalini huandikwa na walimu baada ya saa za kazi, bila malipo. Kazi hiyo isidharauliwe. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi wa darasa la saba kuandika barua ya malalamiko yenye tarehe, jina la ofisi na hoja iliyo wazi amempa silaha ya kulinda nyumba yao.

Wanawake sita wa Johannesburg walishindwa vita vyao vya kwanza. Katiba waliyoililia haikufufuka, nayo haikustahili kufufuka, kwani iliwabagua wengi tangu mwanzo. Waliposhindwa walivuta kiti, wakakaa na mtu mmoja aliyenyimwa mhuri, wakamwuliza amefanya kazi wapi na tangu lini. Swali hilo linaweza kuulizwa leo katika wilaya yoyote, na mtu yeyote mwenye meza, kalamu na moyo wa kusikiliza. Wanaoliuliza wasaidiwe, wala wasizuiwe.