Kitabu nacho kinataka mdundo

Wadau, nimemaliza kusoma tena My Life in Crime ya John Kiriamiti, yule mwizi wa benki aliyeandika simulizi ya maisha yake akiwa gereza la Naivasha. Kilitoka 1984 na bado watu wanaazimana.

Swali langu: mbona vitabu vya watu waliokataa kufuata mstari vinazinduliwa hotelini kwa hotuba, ilhali msomaji yuko ndani ya matatu, namba 8 ya Kibera au 46 ya Kawangware, muziki ukipasua spika? Octopizzo, rapa wa Kibera, alitoa jina lake kwenye hiyo namba 8. Yeye alijua matangazo yanapitia wapi.

Hesabu ni rahisi. Soma kurasa mbili juu ya biti, dakika 3, kilobiti 128 kwa sekunde: faili haifiki MB 3. Inapita kwa WhatsApp bila shida. Mpe makanga aipige.

Mwandishi aombwe ruhusa na alipwe, hilo halina mjadala. Lakini tusiambiwe muziki unashusha hadhi ya kitabu. Kinachoishusha ni vumbi la stoo.