Barua ya wazi kwa mkubwa wa vyakula vya mifugo: Kuku wangu hawatagi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UNGA WA MITISHAMBA USIO NA LEBO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai hapa Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga. Natumaini u mzima wewe na familia, na kwamba asubuhi mayai bado yanafika mezani kwako. Kwangu hayapo. Kuku hawatagi.

Jina la ofisi yako silitaji, mwenyewe unajijua. Malalamiko yangu unayo, pamoja na mfuko wa nailoni wenye unga wa kijani nilioununua kwenye duka la pembejeo, nikawachanganyia kuku, wakaacha kutaga. Umebandikwa karatasi: dawa ya asili ya tumbo la kuku, inatibu kuhara, kideri, gumboro, ndui na mafua, inaongeza mayai. Imesahau tu kuahidi kulipa ada ya shule. Mmea gani umo, haikuandikwa. Kiasi gani kwa kilo ya chakula, haikuandikwa. Nani kausaga na lini, hakuna.

Ofisa wako aliniambia hiyo ni dawa, niende kwa watu wa dawa. Watu wa dawa wakasema kinachochanganywa kwenye chakula ni chakula, nirudi kwako. Basi nimerudi, na kuku bado hawatagi.

Silalamikii mitishamba. Usukumani kuku walinyweshwa maji ya mshubiri na mwarobaini kabla duka la pembejeo halijajengwa. Hata Ulaya, ilipopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo Januari 2006, watengeneza vyakula waligeukia oregano, thaimu na kitunguu saumu, maana vinabana bakteria wabaya wa utumbo. Lakini wenzetu wanapima. Mmea uleule hubadilika nguvu kwa udongo, kwa msimu, hata kwa ulivyoanikwa. Mwarobaini ukizidi, chakula kinakuwa kichungu, kuku anasusa, na kuku asiyekula hatagi. Kama ni mwarobaini lakini. Mwenye maabara ni wewe.

Na kideri ni virusi. Kinga yake ni chanjo, ile I-2 ya tone la jichoni kila baada ya miezi mitatu, si jani lolote. Atakayeiamini karatasi ile ataacha kuchanja, na ugonjwa utaingia hadi kwa jirani ambaye hakununua unga wa mtu.

Mimi kila asubuhi nanunua pumba, mashudu ya alizeti na dagaa kwa ajili ya kuku wasiotaga. Upanga wa kichwani umepauka na kusinyaa. Naingiza mkono kwenye kiota, kuku ananidonoa, chini yake ni nyasi tupu. Mama ntilie niliyekuwa nikimpelekea trei kahamia kwa mwingine. Mkopo wa kikoba ni aibu ya peke yake.

Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ni ya mwaka 2010, unaijua kuliko mimi. Mwaka 2019 Geita lilifunguliwa soko la dhahabu, na mchimbaji mdogo akapata mizani, bei elekezi na risiti. Unga unaoingia tumboni mwa kuku, kisha kwenye yai la mtoto, haujapata hata lebo. Ndivyo ilivyo pia kwa mbegu zisizoota na dawa za kuogeshea ng'ombe ambazo kupe wanaziogelea. Mkulima na mfugaji mdogo ndio mmewafanya maabara yenu, na hamwalipi.

Naomba unga upimwe na nijibiwe kwa maandishi. Naomba mkae na wenzenu wa dawa muamue mitishamba ya kuchanganya kwenye chakula ni ya nani. Na mfuko usiotaja mmea wala kipimo utolewe dukani. Leo asubuhi nimepita pale. Bado wanauza, na bei wamepandisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa kuku wasiotaga,
Ngokolo, Shinyanga