Siri ya Mgonjwa Hupita Katika Kivinjari

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa karne nyingi, kata iliyochota siri za wagonjwa ilikuwa tabibu, naye alifungwa na kiapo chake. Leo imeongezeka kata nyingine. Mgonjwa mwenye dalili asizoweza kumtajia hata mwenziwe huziandika kwanza katika simu. Akifika kituoni, mara nyingi taarifa zake huingizwa katika mfumo ambao muuguzi huufungua kwa programu ya aina ileile, yaani kivinjari. Programu hiyo haikula kiapo chochote, na wengi wanaoitumia hawakuichagua; waliikuta katika kifaa siku kiliponunuliwa.

Ndiyo maana uchaguzi wa kivinjari haustahili kuachiwa mafundi wa TEHAMA peke yao. Ni sehemu ya utunzaji wa siri ya mgonjwa, nao unawahusu wote waliokabidhiwa siri hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kenya ilikwisha kufanya hivyo katika sheria yake ya mwaka 2019. Faili la karatasi hufungiwa kabatini. Haifai taarifa zilezile ziachwe wazi katika kioo cha kompyuta.

Kabla ya kuchagua, yafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Usalama ni kumzuia mwizi asiingie. Faragha ni kumzuia mwenye nyumba asimchungulie mgeni wake. Kivinjari chaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika lingine.

Kwa upande wa usalama, kipimo cha kwanza ni masasisho. Kila kasoro inayozibwa hutangazwa, na tangazo hilo huwaonyesha wahalifu pa kumshambulia yule asiyesasisha. Internet Explorer ilistaafishwa na Microsoft Juni 2022. Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa kompyuta za Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Kompyuta iliyobaki katika hali hiyo haiponi kwa kubadilishiwa kivinjari tu. Yapasa mfumo wake ubadilishwe, au iondolewe kabisa katika kazi ya taarifa za wagonjwa.

Kwa upande wa faragha, adui hana sura ya mwizi. Ukurasa unaoeleza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waweza kubeba vidakuzi vya kampuni za matangazo, ambazo humfuata msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine na kukisia ugonjwa wake. Hapa vivinjari vinatofautiana waziwazi. Safari ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya wahusika wengine mwaka 2020. Firefox, tangu 2022, huvitenga vidakuzi vya kila tovuti katika chungu chake. Brave huzuia vifuatiliaji tangu siku ya kwanza bila kuamriwa. Chrome husasishwa haraka na ulinzi wake dhidi ya wavamizi ni imara, lakini mwenye mali ni Google, kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake ni matangazo. Baada ya kuahidi kwa miaka kadhaa kuviondoa vidakuzi hivyo, mwaka 2024 ilighairi.

Wengi hudhani hali fiche huwakinga na yote haya. La hasha. Hali hiyo hufuta historia ya matembezi katika kifaa, lakini haimfichi mtu mbele ya tovuti aliyoitembelea, mtandao wa mwajiri wala kampuni ya simu. Mwaka 2024, katika kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020, Google ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizohusu watu waliovinjari wakiwa katika hali hiyo. Hata hivyo isidharauliwe. Kwa mama anayetumia simu moja na mumewe, au kijana anayeazima simu ya dada yake, mchunguzi wa kuogopwa si kampuni ya ng'ambo bali ni yule atakayeishika simu baada yake. Mtu huyo hali fiche humzuia. Muuguzi anayemshauri mteja wa uzazi wa mpango atakuwa amemsaidia sana akimfundisha kuifungua na kuifunga.

Pana pingamizi moja la haki, nalo ni bando. Watu wengi hupenda Opera Mini kwa sababu hubana data. Lakini katika kiwango chake cha juu cha ubanaji, kurasa hupitia kwanza seva za kampuni hiyo, ambako hufunguliwa na kupunguzwa ukubwa kabla ya kumfikia msomaji. Kusoma habari za mpira kwa njia hiyo si kosa. Kufungua majibu ya maabara ni jambo jingine. Asiye na bando la kutosha halaumiwi. Afadhali awe na vivinjari viwili, kimoja cha kubana matumizi na kingine cha mambo yake ya siri.

Kituo cha afya, kwa upande wake, hakina udhuru. Mganga mfawidhi aweza kuamua kivinjari kimoja kinachosasishwa kwa kompyuta zote za kazi, akaagiza kisihifadhi nywila, kifute historia kila kinapofungwa, na kisiongezewe viendelezi visivyojulikana. Kila mtumishi awe na akaunti yake katika mfumo, na aifunge anaponyanyuka kitini. Firefox, Brave na nyinginezo za jamii hiyo hupakuliwa bure. Hakuna kifungu cha bajeti cha kusubiri.

Mgonjwa hawezi kukagua kompyuta ya mapokezi kabla ya kutaja maradhi yake. Huyataja kwa sababu ameamini kwamba wenye dhamana wamekwisha kuikagua.