Mkanda Mweusi Hautibu Kiburi

Mtoto akianza kuwa mkorofi hapa Nyalenda, wazazi hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: mpeleke karate, atapata adabu. Wa pili: usithubutu, utakuwa umempa mhuni silaha. Nimesikia yote mawili kwenye kibanda kimoja cha chai karibu na Ring Road, na kila upande ulikuwa na mifano yake.

Nadhani pande zote mbili zimeliacha swali lenyewe. Kwamba mazoezi ya kupigana yanabadilisha tabia, hilo halina ubishi. La kuuliza ni hili: kilabu kinamfundisha nini kijana pale anaposhindwa?

Mimi ni mwandishi wa programu, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na kompyuta. Kompyuta haijui cheo cha mtu. Uwe na digrii, uwe na kiti cha kuzunguka, ukisahau alama moja ndogo programu inakataa kazi. Haikutukani wala haikubembelezi, inakuambia tu kosa liko mstari wa arobaini na mbili. Mtu anayeambiwa hivyo mara hamsini kwa siku, mwaka baada ya mwaka, hujifunza kutenganisha mambo mawili: kazi yangu ina kosa, na mimi sina thamani. Ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini mwenye kiburi huviona kimoja.

Mkeka wa judo unafanya kazi hiyo hiyo. Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, na mpaka leo somo la mwanzo kwa mwanafunzi mpya ni kuanguka. Kumwangusha mwenzako huja baadaye. Kwanza unajifunza kuanguka ubavu, kuanguka chali, kuanguka kwa kubiringika, mpaka mwili uache kuogopa sakafu. Halafu kuna kugonga: ukibanwa mkono au shingo na huna njia, unagonga mkeka au unamgonga mwenzako, naye anakuachia mara moja. Mnainuka, mnaanza tena. Hakuna anayecheka, maana baada ya dakika mbili huenda yeye ndiye atakayegonga.

Hebu fikiria kijana wa miaka kumi na sita anayekubali kwa mkono wake mwenyewe "hapa umenishinda" mara kumi kila jioni. Mtaani, neno hilo moja linaweza kumgharimu jina. Kwenye mkeka ni sehemu ya somo.

Hapo ndipo naona tofauti ya kujiamini na kujiona. Kujiona ni dai ambalo halijapimwa, ndiyo maana mwenye nalo hukasirika haraka: akiguswa kidogo tu, anahisi nyumba nzima inatikisika. Kujiamini ni dai lililokwisha kupimwa. Sisi watu wa ziwani tunapenda nyadhi, mtu avae vizuri na atembee kama barabara ni yake, na sioni ubaya. Lakini nyadhi ya mtu asiyewahi kuanguka ni hatari kwa wanaomzunguka.

Sasa mtaniuliza, ushahidi uko wapi? Upo, na unakwenda pande zote mbili.

Mwaka 1986 Michael Trulson alichapisha utafiti wake juu ya vijana 34 wa Marekani waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu. Kundi moja lilifundishwa taekwondo ya jadi pamoja na heshima, utulivu na falsafa yake. La pili lilifundishwa mbinu za kupigana tu. La tatu lilikimbia na kucheza mpira. Baada ya miezi sita, kundi la kwanza lilikuwa na ukali mdogo na lilijithamini zaidi. Kundi la pili lilikuwa limekuwa kali kuliko lilivyoanza. Ni watu wachache, siwezi kujenga nyumba juu ya vijana 34, lakini matokeo yanafikirisha.

Kisha mwaka 2005 Inger Endresen na Dan Olweus wa Norway walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana wa Bergen. Walioingia kwenye ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya mapigano ya Asia walionyesha kuongezeka kwa ugomvi na utovu wa nidhamu. Watafiti walitaja mchezo wenyewe, na pia mazingira yanayosifu ubabe.

Ukizisoma pamoja utaona kwamba mateke si dawa. Anayesema "karate inaleta nidhamu" bila kuuliza karate ya nani, kwa mwalimu gani, ni kama anayenunua programu kwa kutazama boksi.

Hata ubingwa si kinga. Robert Wangila aliiletea Kenya dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988. Julai 1994, huko Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake, naye akalalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia, na hakuamka tena. Simlaumu marehemu hata kidogo. Moyo ule ule wa kukataa kuacha ndio uliompa medali. Nasema tu kwamba moyo wa kuendelea ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni kujua kusimama, nayo hufundishwa mapema, kabla ya taa na umati.

Kwa nini jambo hili linanihangaisha? Kwa sababu hapa Kisumu kuna soko la vijana wenye nguvu. Uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka mitano, na mwanasiasa anayetaka kuvuruga mkutano wa mwenzake hatafuti mwenye digrii. Mwaka 2010 serikali ilipiga marufuku makundi 33 nchini, na Baghdad Boys na China Squad, majina tunayoyajua hapa, yalikuwemo. Ghasia za baada ya uchaguzi za 2007/2008, na tena za 2017, ziliingia mpaka vichochoroni mwetu. Kijana anayejua kupiga lakini hajui kukataa ni bidhaa tayari. Anayenunua hahitaji hata kumlipa sana, anamwambia tu "wewe ni mwoga?" na kazi imekwisha. Aliyezoea kugonga mkeka hatishwi na swali hilo. Ameshalijibu mara elfu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kumwandikisha mtoto, nenda kaketi pembeni ujionee mambo matatu. Moja, mwalimu mwenyewe huingia kupambana na kukubali kupatikana, au yeye hutoa amri tu? Mbili, mkubwa akicheza na mdogo hupunguza nguvu, au humfanya mdogo gunia? Tatu, mtoto akilia au akigonga, wenzake hufanya nini? Mkanda wa mwalimu utautazama mwisho.

Na sisi wa kompyuta tusijione tumepona. Septemba 2018 Linus Torvalds, baba wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa miaka ya kuwatukana wenzake kwenye barua pepe, akapumzika kidogo kutafuta msaada wa kudhibiti hisia zake. Kodi yake ilikuwa imepimwa na dunia nzima. Hasira yake ilikuwa haijapimwa na mtu. Kipaji na tabia ni faili mbili. Ukihifadhi moja, nyingine haijihifadhi yenyewe.

Vilabu vizuri vipo mitaani mwetu, vingi kwenye kumbi za kuazima zenye mikeka iliyochanika. Ukikipata kimoja, changia mkeka kabla ya kuchangia kikombe cha ushindi. Kwenye mkeka ndiko watoto wanakojifunza kuanguka.

Nyinyi mnaonaje?