Dogo wa Grafiki, Usiache Chuo kwa Sababu ya Kava la Staa

Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina liwekwe pembeni, alikuwa laivu Instagram akijibu maswali ya mashabiki. Dogo mmoja akamuuliza kama aendelee na chuo, maana anasoma grafiki mwaka wa 2 na tayari anapata kazi za makava na posta mtaani. Jibu likawa fupi: chuo cha nini wakati mikono unayo? Achana nacho, njoo tupige kazi. Wadau wakashangilia, vikopa vikamiminika kwenye skrini, laivu ikaendelea.

Ushauri mtamu huo. Tatizo ni kwamba anayeutoa ndiye mnunuzi.

Kila anayepiga kazi hizi anajua inavyokuwa. Ngoma inatoka kesho, kava linatakiwa usiku huu. Dogo anatumiwa picha 2 kwa WhatsApp, zimeshabanwa mpaka sura haionekani vizuri, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika 3 usioeleweka. Anakesha. Asubuhi kava linapostiwa: katajwa prodyuza, mpiga picha, aliyemvalisha staa, mpaka saluni. Aliyedizaini hayumo. Akiuliza malipo anaambiwa avute subira, atapata koneksheni.

Sio lazima staa awe na roho mbaya. Ila dogo asiye na cheti, asiye na mkataba na asiyejua bei yake ni dogo wa bei chee, na hakuna mnunuzi anayelalamikia bei chee.

Tuwe wakweli lakini, wanaoponda chuo nao wana hoja. Photoshop inafundishwa YouTube bure. Canva ilipokuja mwaka 2013, hata shangazi anajitengenezea kadi ya mchango wa harusi kwenye simu. Kuna madarasa ambayo wanafunzi ni wengi kuliko kompyuta. Bumu linakata kabla muhula haujafika katikati. Na nyumbani mzee bado anauliza, "Yani mwanangu umeenda chuo kikuu kuchora?" Wapo pia wadizaini wakali kweli kweli ambao hawajawahi kukanyaga darasa la sanaa.

Sasa kama chuo kingekuwa cha kujifunza kubonyeza vitufe, staa angekuwa sahihi. Vitufe ni kazi ya miezi michache. Miaka 3 ni ya mambo mengine.

Chukua posta ya shoo. Kwenye simu rangi zinawaka, ikitoka kwa mchapishaji imepauka kama imefuliwa. Skrini inachanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Asiyejua hilo atagombana na mchapishaji kila wiki. Au nembo iliyotengenezwa kwa pikseli: kwenye simu iko freshi, ikikuzwa kwenye bango la mita 6 inakatikakatika. Aliyesoma anaichora kwa vekta toka mwanzo.

Hayo nayo yanapatikana mtandaoni, sawa. Kisichopatikana ni kusimama mbele ya darasa zima na mwalimu, kazi yako imebandikwa ukutani, ukaulizwa: kwa nini herufi hizi? Kwa nini maandishi yamebanana hapa? Nani anasomewa hii? Halafu unaambiwa haisomeki, rudia. Unarudia mara 5. Inauma, lakini hapo ndipo mtu anajifunza kuitetea kazi yake kwa sababu, badala ya kumjibu mteja "nimeona inapendeza tu". Anayeweza kueleza sababu anaweza pia kutaja bei bila sauti kutetemeka.

Chuoni pia ndipo mtu anagundua kwamba sio lazima kila kava lifanane na la rapa wa Marekani. Kanga peke yake ni somo zima la grafiki: ina pindo, ina mji, ina jina, na maandishi yanazungumza na picha bila kugombania nafasi. Bibi amevaa dizaini miaka yote, mjukuu anahangaika kukopi Pinterest.

Na kwa wanaoamini kwamba mwanafunzi hawezi kufanya kazi kubwa, ile alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, akiwa mwanafunzi wa dizaini Portland State University. Alilipwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ikamuita, ikampa pete ya dhahabu yenye alama ile na hisa. Watu wanapenda kuisimulia kama stori ya bahati, lakini kuna sehemu wanairuka: kulikuwa na kumbukumbu. Ilijulikana nani kachora, lini, kwa malipo gani.

Linganisha na ya nyumbani. Mwaka 2017 alifariki Dar es Salaam mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji wa Nembo ya Taifa. Alikutwa Buguruni akiishi maisha magumu, na ubishi kuhusu nani hasa aliichora nembo ile haukuisha. Alama iko kwenye kila barua ya serikali, ila jina la mchoraji linabishaniwa. Kama hilo linatokea kwa nembo ya nchi, kava la ngoma ya wiki 2 lina usalama gani?

Sheria ipo. Ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake. Lakini haki isiyodaiwa inakaa kwenye karatasi tu. Hapo vyuo navyo vibebe lawama: mwanafunzi anamaliza akijua historia ya fonti lakini hajawahi kuandika ankara wala kusoma mkataba. Wiki 2 za somo hilo zingeokoa watu wengi.

Kwa hiyo dogo, piga kazi za mtaani, pesa ya kula inahitajika. Ila chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza, makubaliano yawe kwa maandishi hata kama ni meseji, jina lako litajwe, na kesho asubuhi uwe darasani. Staa akiwa na haraka sana, amalizie mwenyewe kwa Canva.

Na mastaa mnaomtaja mpaka aliyewasuka nywele, kuongeza jina moja kwenye posti kunagharimu shilingi ngapi?

Wadau mnasemaje: dogo amalize chuo au amfuate staa?