Kijiji cha Laxton na Mashamba Yake

Katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza, iko parokia ndogo iitwayo Laxton. Habari zake zimeandikwa tangu mwaka 1086, mali ya nchi ilipohesabiwa kwa amri ya Mfalme William. Kilima cha ngome ya mabwana wa kale kingali kinaonekana, lakini sifa ya Laxton si ngome, bali ni ukulima wake.

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na mashamba makubwa yasiyo na ua. Kila mkulima alikuwa na vipande vyembamba vilivyotawanyika huku na huku, ili mmoja asipate udongo mzuri wote na mwenziwe mbaya mtupu. Katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha sheria nyingi za kukusanya vipande hivyo na kuvizungushia ua. Mavuno yaliongezeka, lakini maskini wengi walipoteza malisho na mahali pa kuokota kuni, wakabaki wakitegemea mshahara.

Laxton ilisalia. Ramani aliyoichora Mark Pierce mwaka 1635 yaonyesha vipande vyote, na hata leo yapo mashamba matatu ya wazi: West Field, Mill Field na South Field. Moja hupandwa ngano, la pili mazao mengine, na la tatu hupumzishwa au huachiwa majani ya mifugo; mwaka ufuatao hubadilishana zamu.

Je, pasipo ua, mpaka hulindwa na nani? Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wakulima walioteuliwa kuwa wazee wa baraza hulikagua kwa miguu shamba lililopandwa ngano. Hupigilia vigingi mipakani, na mtu aliyelima hata akaingilia njia au majani ya wote huandikwa jina. Baada ya juma moja baraza hukutana, naye hutozwa faini. Wanaompimia faini hiyo ni jirani zake.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo milki hiyo. Mwaka 1981 ikahamishiwa idara ya ardhi za Taji, na mwaka 2020 ikanunuliwa na milki ya Thoresby, makao ya zamani ya akina Manvers. Wenye ardhi wamebadilika. Baraza la wakulima lingali likikutana, na vigingi vingali vikipigiliwa.