Acheni Kununua Majani kwa Urefu

Ndugu mfugaji wa Kaloleni, unalalamika kwamba ng'ombe wako anamaliza mzigo mzima wa majani na maziwa hayaongezeki. Unalaumu ng'ombe, unalaumu mbegu ya uhimilishaji. Tazama kwanza hori lako.

Mabingobingo yaliyopita kimo cha mtu si malisho, ni kuni za kijani. Jani linapokomaa, shina linaongezeka, na ndani yake inajengeka ligini, kitu kigumu ambacho vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe haviwezi kukivunja. Vijidudu hivyo navyo vinahitaji kula. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya chakula kikavu, vinapungua nguvu, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe anaacha kula. Tumbo limejaa, mwili una njaa. Utakamua nini hapo?

Kwako wewe unayelima majani huko Ilboru au Sokon II, najua utasema, "Nikikata mapema napata mzigo mdogo." Kwa mkato mmoja, kweli. Lakini kata yakiwa na mita 1 hivi, kila wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua, rudishia samadi, na shamba hilohilo litakupa mikato mingi kwa mwaka. Usikate yakiwa ya magotini pia: yamejaa maji na unachosha mizizi.

Nawe mfanyabiashara, unauza mashina kwa sababu mnunuzi anataka mzigo mkubwa. Kwa hiyo kosa linaanzia kwa mnunuzi, na ndiye ninayemwambia abadilike. Kabla hujalipa, fungua mzigo. Shina likikatika kwa mlio kama kijiti, na majani ya chini yamekauka, teremsha bei au acha. Hei ya Rhodes iliyokwisha kupukutisha mbegu imechelewa kukatwa, hata robota likiwa zito namna gani. Mzigo mdogo wa majani machanga unastahili bei ya ule mkubwa uliokomaa.

Aina nayo ina uzito wake. Mabua ya mahindi yana protini ya asilimia 3 hadi 5 tu. Peke yake hayamtoshi ng'ombe wa maziwa. Yakatekate, kisha changanya na lukina, desmodiamu au mashudu. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula, maana ikizidi inadhuru.

Wauzaji wataleta majani machanga siku wanunuzi watakapoacha kulipia mashina. Leo jioni pima mashina yanayobaki horini. Hayo uliyalipia, na ng'ombe ameyakataa. Ukiendelea kuyanunua kesho, usimlaumu tena ng'ombe.